Mafuta ya mgando juu ya hedi

Fundi Mbaruku alishika kibati chembamba cha kupimia nafasi za valvu, akainamia hedi, kile kichwa cha injini ya mashine ya kusaga.

"Bado ya moto hiyo," akasema Bi Shikaile, mwenye mashine.

"Mama, mkono wangu ushazoea."

"Juzi ulipima ikiwa ya moto hivihivi, valvu ikaungua. Na hii hedi mpya ikifa, mimi nafunga mlango."

Wateja waliobeba ndoo za mahindi wakacheka. "Fundi leo kapatikana!"

Bi Shikaile akachota mafuta ya mgando kwa kidole, akayabandika juu ya chuma cha hedi. Yakayeyuka palepale.

"Yakigoma kuyeyuka, ndiyo upime."

Mbaruku akakaa. Baada ya muda Bi Shikaile akabandika donge la pili; likaanza kuteleza polepole, likasita ukingoni bila kuyeyuka.

Mbaruku akainua kibati.