Toleo la Kwanza

"Soraya, mutoto wangu," mama wa rafiki yake wa zamani alisema, akiketi kwenye benchi la duka la simu, "wanasema sauti ya kijana wangu iko katika muchezo wenu. Niko nataka kumusikia."

Soraya aliacha kukaza skrubu. Kijana huyo alifariki wiki tatu zilizopita, pikipiki ilipoanguka kwenye njia ya Wamaza. Zamani yeye na Soraya waliuchukua mchezo wa mpira wa kwenye simu, wakautilia timu za Kasongo, na kijana akazitangaza mechi zake kwa Kiswahili cha mtaani kwao, kwa sauti ya mkwaruzo iliyowachekesha watu. Kisha wakagombania jina la nani litangulie. Kwa hasira Soraya aliifuta sauti ile, akaweka yake, na kwenye kikundi chao cha Telegram akaandika kwamba toleo la kwanza lina virusi, kila mtu alifute.

Halikuwa na virusi.

"Unigoje kidogo, mama."

Alichukua simu yake yenye kioo kilichopasuka. Akaandika kikundini: "Nilidanganya. Virusi havikuwapo. Nani bado analo toleo la kwanza?"

Majibu yakaanza kuingia. Nilifuta. Nilifuta siku ile ile. Mimi pia, si wewe ulisema?

Mama alisogea karibu. Hakujua kusoma, lakini aliona maandishi yakizidi kupanda, na uso ukamkunjuka.

"Ni wengi," alisema. "Wanasema nini juu yake?"