Mkono Uleule

"Nani atanisomea?" mkaguzi wa shule aliuliza, na moyo ukamlia paa! Nyuma kabisa, kati ya watoto waliokaa sakafuni, mkono uleule uliinuka. Sweta lilelile, kiwiko kimetoboka.

Shule ya tatu leo, msichana yuleyule. Alisoma ukurasa mzima bila kukwama, na mwalimu mkuu akashusha pumzi. Agizo lilikuwa wazi: shule isiyo na mtoto anayejua kusoma, ifungwe. Vitabu havikuletwa huko miaka nenda miaka rudi, lakini hilo halikuandikwa kwenye agizo.

Mkaguzi alirudi haraka kwenye pikapu ya ofisi. Dereva alikuwa anafunga turubai la nyuma.

"Kuna gari lililotupita njiani?"

"Barabara hii, Mama? Hata punda angegoma!" Dereva alicheka. Alikuwa mgeni kazini, mcheshi, lakini kwenye mashimo aliendesha taratibu utadhani kabeba mayai. Asubuhi alinunua mikate miwili, wala hakumkaribisha mtu.

"Basi nimemwona marehemu."

Mwaka jana mkaguzi aliifunga shule ya bondeni. Watoto wakaambiwa wasome ng'ambo ya mto. Mvua zilipokolea, msichana mmoja hakufika. Mkaguzi hakuwahi kumwona hata kwenye picha, ila kila alipofumba macho alimsikia akisoma. Alimwogopa, na alijua ana haki ya kumwogopa.

"Yule wa mto?" Dereva hakucheka tena. "Wafu hawasomi, Mama. Twende, imebaki shule moja."

Huko mkaguzi aligoma kushuka. Kwa kawaida angetangulia ofisini kusaini kitabu cha wageni, dereva akabaki na turubai lake. Safari hii alikaa kitini, macho kwenye mlango wa darasa, akiomba asiuone ule mkono.

Dereva alikohoa. Akazunguka gari. Akakohoa tena.

"Mama, si uingie tu? Wanakusubiri."

Nyuma yao, chini ya turubai, mtu alipiga chafya.

Mkaguzi aliteremka, akalifunua turubai. Sweta lenye kiwiko kilichotoboka lilikuwa limejaa makombo ya mkate.

"Shikamoo, Mama," msichana alisema.

Mkaguzi akamgeukia dereva. Alikuwa amevua kofia.

"Nilikuwa na mabinti wawili, Mama. Huyu ndiye aliyebaki."