Kokoto Zisisogee

"Taratibu, mzee wangu! Utavunjika kiuno," Domina alipaza sauti kutoka getini, mkoba kwapani, barakoa imeshuka kidevuni.

Mzee Rweyemamu hakusimama. Mvua ya mawe ilikuwa imepiga kitongoji chao cha Ingleburn, huko ughaibuni, mchana ule mpaka njia yake ya gari ikawa nyeupe pe, utadhani nchi za theluji, naye alikuwa akiisafisha kwa beleshi. Wala si kwa pupa. Alikuwa amepasua kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, akakivisha kwenye ukingo wa beleshi ili liteleze juu ya kokoto na kuzoa barafu tupu. Kokoto ikinasa, aliinama, akaifuta kwa shati, akairudisha palepale ilipotoka.

Domina alikwenda hadi kona, akarudi. Akaenda tena, akarudi. Zamu imekwisha, watoto nyumbani hawajala, na giza hili la korona likikukuta barabarani polisi hawakuulizi hali. Lakini mzee wa watu angemwachaje nje kwenye baridi? Kazi ya kutunza wazee ameifanya miaka mingi, na wa namna hii anawajua: ukiwabishia, ndiyo kwanza wanazidi.

"Barafu itayeyuka yenyewe. Ingia ndani."

"Itayeyuka kesho. Leo mke wangu atalala wapi?"

"Kwani yuko wapi?"

"Njiani." Mzee akapuliza viganja. "Kokoto hizi alizimwaga mwenyewe, ndoo kwa ndoo, akazisawazisha kwa mikono yake. Akikuta weupe huu, haingii. Akikuta zimevurugwa, haingii vilevile."

"Huyo mke au bwana afya?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa, kisha akajifuta macho kwa mkono wa koti. Domina akatazama pembeni. Maskini, aliwaza, huyo mke alishazikwa siku nyingi. Na watoto wao nao, wanamwachaje baba yao hivi?

"Funga vifungo," mzee akamwambia. "Kifua chako hicho hakitaki baridi."

"Hebu niache! Mimi nachelewa, wanangu wana njaa."

"Watakuwa wamekula."

"Wewe umejuaje?"

Mzee alisukuma beleshi, akavuta, akasukuma, mpaka likafika miguuni pa Domina. Barafu ya mwisho ikaondoka. Kokoto zikatokeza, za kijivu na za udongo mwekundu, zimelowa, zimelala kama zilivyolazwa.

Domina aliinamisha kichwa, akaziangalia. Akakanyaga. Zikalia chini ya kiatu. Akakanyaga tena, akaikumbuka ndoo mikononi mwake, na haraka yote ikamtoka miguuni. Alitembea polepole hadi mlangoni, akavua viatu, akavipanga ubavuni mwa vile vya kiume, ndipo akageuka.

"Baba Joyceline," akamgombeza mumewe, "hivi unatafuta nini huko nje na baridi yote hii?"