Jibu la Kitabu cha Saba

"Soma polepole, wifi," alisema Teodora. "Ameshavaa gauni la harusi?"

"Ameshavaa," Paskazia akajibu, akafunua ukurasa.

Kilikuwa kitabu cha saba, cha Kiingereza, kinene kama tofali. Paskazia, aliyefika kidato cha nne, alikisoma kwa macho na kumsimulia wifi yake kwa Kiswahili. Sita vya kwanza walivimaliza hivyohivyo, jioni kibarazani kwao Mirongo. Vilimhusu Margareti, aliyepita mlango wa kinu cha kusagia ngano akatokea enzi za wafalme, akimtafuta mumewe aliyechukuliwa na mto, huku askari mmoja akimposa. Vitabu vilikuja katikati ya nguo za mitumba, na muuzaji mmoja wa Igoma alimwekea Paskazia kila alipokuta kingine.

Ndani, mama mkwe alikohoa. Teodora akainuka, akamgeuza, akambadilishia shuka, akarudi ananukia sabuni. Tangu bibi yule apooze, kazi hiyo ilikuwa yake. Paskazia, binti wa kumzaa, alidai kazi ya kiwanda cha minofu ya samaki inammaliza nguvu.

Mume wa Teodora, Luhaga, kaka yake Paskazia, alipotea ziwani mtumbwi ulipopinduka njiani kutoka Nansio. Ilikuwa miaka mitano sasa na mwili haujaonekana. Teodora hakukubali mtu amwite marehemu. Lakini Ngosha, fundi wa mashine za kusaga, mwanamume mpole aliyefiwa na mke, alikuwa ameleta posa. Jumapili alitaka jibu.

"Margareti akiolewa na yule askari, na mimi naolewa," Teodora alisema, akicheka kwa aibu. "Akingoja, nangoja."

Mtu mzima kukabidhi maisha yake kwa kitabu! Lakini alikuwa amechoka kujiamulia peke yake, maskini.

Paskazia akatazama ukurasa. Margareti alikuwa ameshaolewa na askari wake, wanacheza ngoma, wanacheka. Ndani mama akakohoa tena. Paskazia akayafikiria yale mashuka.

"Anavua gauni," akasoma bila kupepesa macho. "Anakimbilia mtoni. Mumewe anatoka majini, kichwa kimejaa mvi. Anamwambia, nilijua utaningoja."

Teodora alilia kwa furaha, bila hata kujifuta.

Jumapili Ngosha alikuja na shati lililopigwa pasi. Aliondoka soda yake ikiwa nusu, akasahau na kofia.

Siku iliyofuata Teodora alikaanga dagaa, akawakamulia ndimu nyingi kupita kiasi, kama Luhaga alivyozoea kuwala. Akafunika bakuli kwa kitambaa.

"Mpelekee yule baba wa mitumba, Mungu ambariki. Bila vitabu vyake ningefanya kosa kubwa."

Paskazia alishukia Igoma, akapenya kati ya marobota ya nguo hadi kwenye kibanda cha mwisho. Muuzaji alikuwa amempakata mtoto wake, anamjaribisha viatu. Alipoona bakuli akamweka mtoto chini, akafunua kitambaa, akatupia dagaa mdomoni na kufumba macho.

"Teodora hajasahau ndimu," akasema Luhaga. "Na mama je, dada? Bado anamwogesha?"