Nyayo za Washauri wa Lambo

Hapo zamani, katika bonde lililokauka, Tembo aliwaita wakuu wa koo wamshauri kuhusu lambo alilotaka kulichimba. Kwa desturi yao, kila mshauri alikuja na udongo wa kwao. Lakini Tembo alikuwa amekwisha kuchagua mahali. Alitaka nyayo zao tu kwenye tope alilolikoroga hapo, ziwe ushahidi kwamba wameshauri.

Yeye akakanyaga wa kwanza. Ngiri akafuata, akamcheka mhanga, mnyama mchimba mashimo, aliyesita pembeni, "Mama Mhanga, unaogopa kuchafua mguu?"

Mama Mhanga aliona haya kusema mbele ya wakubwa, ila mashimo ya watoto wake yalikuwa chini ya mahali pale. Akaumwaga udongo wake mbele ya Tembo.

"Bwana mkubwa, tafadhali unyweshe maji."

Tembo akamwaga maji kwa mkonga. Yakazama yote mara moja.

"Yamekwenda wapi?"

"Kwa wanangu."

Ngiri akainamisha kichwa, maana naye hulala katika mashimo yale.

Tembo akaufuta unyayo wake. "Basi tuchimbe wapi, mama?"

"Keti kwanza utusikilize," alisema Mama Mhanga. "Nyayo zitakuja mwisho."