Jina Alilolijua Paka

Tangu jana tumbo la paka lilikuwa limechafuka, na sasa hakutaka hata maji. Mwanakheri alipiga magoti mkekani, kijiko cha mchuzi wa kuku usio na chumvi mkononi.

"Malaika wangu, lamba kidogo. Usipokunywa utakufa."

Paka hakufumbua macho.

"Jaribu wewe, Baba Subira," akamwambia mumewe, Makame.

"Mimi? Huyu mwizi wa samaki ananichukia."

"Na wewe unamchukia. Jaribu tu."

Makame akainama, asijue amwite nini. Miaka yote neno lake kwa paka lilikuwa moja, la kumfukuzia jikoni. Akalisema taratibu, kwa mara ya kwanza bila hasira.

"Toka."

Sikio likacheza. Paka akafumbua macho, akamtazama kama aliyeitwa kwa jina lake.

"Subhanallah," Mwanakheri akanong'ona.

"Toka," Makame akarudia. Akachovya kidole kwenye mchuzi, akakisogeza. Ulimi mdogo, mkavu, ukakigusa.

 Makame akachovya tena, akakiacha kidole pale, tone likijikusanya taratibu kwenye ncha yake.