Msaada Aliopewa Mzee Kakakuona

Shule ya wanyama ilipotaka kuanza kazi za kusaidia jamii, wanafunzi walimchagua Ngedere awe kiongozi, maana kwa kuamrisha hakuwa na mpinzani. Naye macho yake yakamwangukia Mzee Kakakuona, aliyeishi peke yake kando ya kichuguu kikubwa.

"Masikini, mlangoni pake pamejaa udongo! Twendeni tukamsafishie," akawaambia wenzake.

"Si tumwulize kwanza?" akasema Kanga.

"Mwenye shida haulizwi, husaidiwa!"

Mzee alipokwenda mtoni, wakaja na majembe na nyimbo. Aliporudi akakuta uwanja mweupe pe, na Ngedere katikati akingoja shukrani.

"Wajukuu zangu," mzee akasema kwa unyonge, "kichuguu kile kilikuwa jiko langu. Mimi hula mchwa."

Ngedere akatamani ardhi ipasuke immeze. Na bado. Mchwa waliofukuzwa walihamia shuleni, na wiki haikuisha kabla Mwalimu Kiboko hajaanguka na kiti chake mbele ya darasa zima.

Ngedere akakimbia kwa mzee, akapiga magoti. "Shikamoo, babu. Tunaomba msaada."

"Marahaba. Mnataka niwafanyie nini?"

"Uje ule."

Mzee akaja, akapitisha ulimi dawati kwa dawati hadi tumbo likawa ngoma. Ngedere, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akauliza: "Babu, nasi kesho tukufanyie nini?"

Mzee akajipangusa mdomo. "Kesho, mjukuu wangu, darasa hili msilifagie."